Guglielmo Marconi na Habari Zisafirizo bila Waya

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kwamba umeme hupita katika waya. Ulitengeneza njia ya umeme kwa betri, waya, swichi na balbu ndogo, ukaona kwamba waya ukikatwa balbu huzimika.

Sasa fikiri juu ya jambo hili. Katika nyumba moja kuna kompyuta mbili za zamani. Moja ipo sebuleni, na nyingine ipo katika chumba cha nyuma. Hakuna waya unaoziunganisha, na kati yake upo ukuta. Hata hivyo, mtoto akiandika barua katika kompyuta ya sebuleni na kuipeleka, barua hiyo huonekana katika kompyuta ya chumba cha nyuma. Je, barua imepita wapi?

Ili upate jibu, yakupasa umjue mtu mmoja aliyejiuliza swali linalofanana na hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alianza kulitafutia jibu nyumbani kwao, darini, kwa kutumia vyombo ambavyo vingi vilikuwa vimekwisha kubuniwa na watu wengine. Mtu huyo ni Guglielmo Marconi.

Utoto wake

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 katika mji wa Bologna, nchini Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa Mwitalia mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland. Familia hiyo ilikuwa na nyumba kubwa ya shamba iliyoitwa Villa Griffone, katika kijiji cha Pontecchio karibu na Bologna.

Marconi hakusoma chuo kikuu kama wanafunzi wengine. Hata hivyo alipenda sana mambo ya umeme, na alisoma vitabu vingi juu yake. Karibu na nyumbani kwao aliishi mtaalamu wa sayansi, Profesa Augusto Righi, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Bologna. Profesa huyo alimruhusu kijana Marconi kuhudhuria mafunzo yake na kutumia vitabu na vyombo.

Mwaka 1894, Marconi alipokuwa na umri wa miaka 20, alisoma habari za mwanasayansi Mjerumani, Heinrich Hertz, aliyefariki mwanzoni mwa mwaka huo. Kabla ya Hertz, mwanasayansi wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba umeme na sumaku vyaweza kufanya mawimbi yasiyoonekana kwa macho. Kati ya mwaka 1887 na 1888, Hertz alithibitisha jambo hilo. Alirusha cheche za umeme upande mmoja wa chumba, na upande wa pili cheche ndogo zikaonekana katika pete ya waya ambayo haikuunganishwa na kitu chochote.

Umewahi kutupa jiwe dimbwini? Maji hutikisika mahali jiwe lilipoangukia, kisha mawimbi huenea pande zote, na jani lililo mbali huanza kuchezacheza. Jiwe halikuligusa jani. Wimbi ndilo lililolifikia. Mawimbi ya Hertz nayo huenea kutoka mahali penye cheche. Lakini hayahitaji maji wala hewa, na mwendo wake ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja, sawa na mwendo wa nuru.

Marconi akajiuliza: ikiwa mawimbi haya huvuka chumba, kwa nini yasichukue habari na kuvuka kijiji, au hata bahari?

Kazi ya darini

Mama yake alimpa vyumba vya juu, darini, mahali ambapo hapo zamani walifugwa viwavi wa hariri. Humo Marconi alikusanya vyombo vyake. Hebu tuvitazame kimoja kimoja.

Chombo cha kupelekea kilikuwa na betri, koili ya kuongeza nguvu ya umeme, na vitufe vya metali vyenye nafasi ndogo kati yake. Alipobonyeza swichi, cheche ziliruka katika nafasi hiyo na mawimbi yakaenea.

Chombo cha kupokelea kilikuwa na bomba dogo la kioo lenye unga wa metali ndani yake. Bomba la namna hiyo lilikuwa limechunguzwa na Edouard Branly wa Ufaransa mwaka 1890, na Oliver Lodge wa Uingereza alikuwa ameliendeleza. Kwa kawaida unga huo umelegea, na umeme haupiti vizuri. Wimbi linapofika, chembechembe za unga hushikana, na umeme wa betri hupita na kuliza kengele. Kisha nyundo ndogo hugonga bomba ili unga ulegee tena, uwe tayari kupokea wimbi jingine.

Marconi alijaribu aina nyingi za unga wa metali. Mwisho alichagua nikeli nyingi iliyochanganywa na fedha kidogo, kwa sababu iliitikia mawimbi vizuri kuliko nyingine.

Husimuliwa kwamba usiku mmoja wa Desemba 1894 alimwamsha mama yake na kumpandisha darini. Alibonyeza swichi upande mmoja wa chumba, na kengele ikalia upande wa pili, ingawa hapakuwa na waya kati ya swichi na kengele. Baba yake, ambaye mwanzoni alidhani kijana anapoteza wakati, baadaye alitoa fedha za kununulia vifaa.

Bunduki ya Alfonso

Mwaka 1895 Marconi alitoka nje, akaanza kufanya majaribio shambani. Hakubadilisha mambo mengi kwa mara moja. Alibadilisha jambo moja, akapima umbali, akaandika matokeo, ndipo akabadilisha jambo jingine. Kwa njia hii aligundua jambo kubwa. Alipoinua waya mmoja juu ya mlingoti na kuufukia mwingine ardhini, mawimbi yalikwenda mbali zaidi. Waya ule wa juu ndio tunaouita eriali. Kila alipouinua zaidi, umbali uliongezeka.

Lakini palikuwa na tatizo. Marconi alikuwa upande wa kupelekea, na kipokezi kilikuwa mbali. Angejuaje kwamba ishara yake imefika? Kaka yake mkubwa, Alfonso, ndiye aliyemsaidia. Alfonso alikaa karibu na kipokezi, na kila ishara ilipofika alipunga leso nyeupe.

Kisha Marconi alitaka kujua kama mawimbi yangeweza kupita kilima. Alfonso na watu wengine walikibeba kipokezi mpaka upande wa pili wa kilima, mahali ambapo leso haikuweza kuonekana. Safari hii Alfonso alichukua bunduki. Marconi alibonyeza swichi mara tatu, akasubiri kimya. Baada ya muda mfupi mlio wa bunduki ulisikika kutoka ng'ambo ya kilima. Ishara ilikuwa imesafiri karibu kilomita 2.

Liangalie vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha somo letu. Cheche peke yake haikutosha. Ilipasa awepo mtu wa kusikiliza, na msikilizaji huyo ajibu kwamba amesikia. Habari iliyotumwa bila kumfikia msikilizaji ni kama habari isiyotumwa.

Kuvuka bahari

Mwaka 1896 Marconi alikwenda London pamoja na mama yake. Huko William Preece, mhandisi mkuu wa Idara ya Posta ya Uingereza, alimsaidia kufanya majaribio mbele ya watu. Mwezi Mei 1897 ishara zake zilivuka maji ya Mlango wa Bristol. Mwaka huohuo kampuni yake iliundwa. Mwezi Machi 1899 zilivuka bahari kutoka Ufaransa mpaka Uingereza, umbali wa karibu kilomita 50.

Ishara hizo zilikuwa alama za Morse, yaani nukta na vistari vinavyosimama badala ya herufi. Cheche za muda mfupi ni nukta. Cheche za muda mrefu ni kistari.

Sasa Marconi alitaka kuvuka Bahari ya Atlantiki. Wataalamu wengi walisema jambo hilo haliwezekani. Mawimbi husafiri kwa mstari ulionyoka, nayo dunia ni mviringo. Kwa hiyo walifikiri kwamba yangepotelea angani. Marconi hakuwa na jibu la hoja yao, lakini aliamua kujaribu.

Chombo kikubwa cha kupelekea kilijengwa Poldhu, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwezi Septemba 1901 dhoruba iliiangusha milingoti yake, ikabidi ijengwe eriali nyingine ndogo. Marconi na wasaidizi wake wawili walisafiri mpaka Newfoundland, ambayo leo ni sehemu ya Kanada. Kwa kuwa hawakuwa na mlingoti mrefu huko, waliurusha waya angani kwa tiara. Tarehe 12 Desemba 1901, huku upepo mkali ukiiyumbisha tiara, Marconi aliweka kisikilizio sikioni. Alisema kwamba alisikia nukta tatu, yaani herufi S, kutoka umbali wa kilomita 3,400 hivi.

Watu wengine hawakusadiki, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi ila masikio yake na ya msaidizi mmoja. Je, Marconi alifanya nini? Alirudia jaribio. Mwezi Februari 1902 alisafiri kwa meli ya Philadelphia, na safari hii chombo kilichapa ishara juu ya ukanda wa karatasi. Hata meli ilipokuwa zaidi ya kilomita 2,400 kutoka Poldhu, karatasi ilionyesha habari kamili, na nahodha akaitia sahihi. Katika sayansi ni lazima jambo liweze kurudiwa na kushuhudiwa na wengine.

Siku hizi tunajua sababu. Juu sana angani kuna tabaka la hewa yenye chaji za umeme, ambalo huyarudisha chini mawimbi marefu ya redio. Mwingereza Edward Appleton alithibitisha jambo hilo mwaka 1924.

Usidhani kwamba Marconi alifanya kazi hii peke yake. Jagadish Chandra Bose alionyesha mawimbi yakipenya kuta huko Calcutta, India, mwaka 1895. Alexander Popov wa Urusi na Nikola Tesla, aliyefanya kazi Marekani, nao walichangia ujuzi huu. Mwaka 1909 Marconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun.

Usiku wa Titanic

Meli nyingi zikaanza kuwa na vyombo vya Marconi. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli kubwa iitwayo Titanic iligonga mlima wa barafu katika Bahari ya Atlantiki. Ilikuwa saa 5:40 usiku. Wapeleka simu wake wawili, Jack Phillips na Harold Bride, walianza kutuma ishara za kuomba msaada.

Meli ya Californian ilikuwa karibu zaidi kuliko meli iliyokuja kuwaokoa. Lakini ilikuwa na mpeleka simu mmoja tu, naye alikuwa amezima chombo chake dakika chache kabla ya ajali, akaenda kulala. Mawimbi yaliifikia meli hiyo, lakini hapakuwa na sikio la kuyapokea. Meli ya Carpathia ilikuwa mbali, karibu kilomita 100. Mpeleka simu wake, Harold Cottam, alikuwa karibu kulala, lakini alikuwa bado na kisikilizio kichwani. Alisikia, akajibu, akamwarifu nahodha.

Titanic ilizama saa 8:20 usiku. Zaidi ya watu 1,500 walikufa, Phillips akiwa mmoja wao. Carpathia ilifika alfajiri na kuwaokoa watu 700 hivi waliokuwa katika mashua. Baada ya msiba huo mataifa yalikubaliana kwamba katika meli kubwa za abiria lazima awepo msikilizaji wakati wote, usiku na mchana.

Makosa yake na siku zake za mwisho

Mtu anaweza kuwa hodari katika sayansi, akakosea katika mambo ya haki. Mwaka 1923 Marconi alijiunga na chama cha Mafashisti cha Benito Mussolini. Mwaka 1935 Italia ilipoivamia Ethiopia, nchi huru ya Afrika, Marconi aliunga mkono vita hivyo. Tunaisifu kazi yake ya sayansi, lakini hatulisifu tendo hilo.

Katika miaka ya 1930 alirudi kufanya majaribio ya mawimbi mafupi sana. Mwaka 1932 alitumia mawimbi yenye urefu wa sentimita 60 hivi kuiunganisha Vatikani na Castel Gandolfo, mahali pa mapumziko pa Papa. Marconi alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937. Huko Uingereza vituo vya redio vilinyamaza kwa dakika mbili kwa heshima yake.

Kutoka darini mpaka kompyuta yako

Sasa turudi katika nyumba yenye kompyuta mbili za zamani. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kutumia redio kuunganisha kompyuta zilizokuwa katika visiwa mbalimbali. Mtandao usio na waya wa nyumbani hufuata kanuni hiyohiyo. Kuna sanduku dogo liitwalo ruta, lenye eriali. Ruta hupokea mawimbi kutoka kompyuta moja na kuyapeleka kwa nyingine. Nguvu ya mawimbi yake ni ndogo, chini ya wati moja, lakini yanatosha kuifikia nyumba nzima.

Ikiwa siku moja utamsaidia mtu mzima kutengeneza mtandao wa namna hii, kumbuka mambo haya.

Kwanza, kompyuta ya zamani huenda haina kipokezi cha mawimbi. Usiitupe. Kipokezi kidogo, kisichozidi kidole gumba, chaweza kuchomekwa katika tundu lake la USB.

Pili, kompyuta nyingi za zamani hupokea mawimbi ya urefu wa sentimita 12 hivi tu. Zile mpya hupokea pia mawimbi mafupi zaidi, ya sentimita 5 au 6. Kwa hiyo ruta iwekwe itumie aina zote mbili, ili kompyuta ya zamani nayo isikie.

Tatu, weka ruta katikati ya nyumba na juu, kwa mfano juu ya kabati la mbao. Usiiweke nyuma ya jokofu wala nyuma ya pipa la maji, kwa sababu metali huyarudisha mawimbi na maji huyameza. Marconi naye aliinua eriali yake.

Nne, weka neno la siri. Mawimbi huenea pande zote, hata kwa jirani. Mwaka 1903, katika maonyesho ya chombo cha Marconi jijini London, Nevil Maskelyne aliingiza ishara zake mwenyewe na kuwafanyia dhihaka wenye maonyesho. Ndipo watu walipotambua kwamba kisicho na waya hakina pia mlango wa kufungwa.

Tano, mtandao ukikataa kufanya kazi, badilisha jambo moja, kisha jaribu. Usibadilishe mambo yote kwa pamoja, maana hutajua lipi lililoleta nafuu.

Je, unakumbuka bunduki ya Alfonso? Hata kompyuta hufanya hivyo. Barua hukatwa katika mafungu madogo. Kila fungu linapofika salama, mpokeaji hurudisha ishara fupi ya kwamba amelipata. Jibu lisipokuja, fungu hutumwa tena. Mambo haya hufanyika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, nawe huyaoni. Lakini katika kila barua inayovuka ukuta wa nyumba yenu, ule mlio wa ng'ambo ya kilima bado unajibu.

Jaribio

Vifaa: redio ndogo ya betri, betri moja ya tochi ya volti 1.5, kipande cha waya, na tupa ya chuma.

Fungua redio katika masafa ya kati, mahali pasipo na kituo. Weka kitako cha betri juu ya tupa. Shika ncha moja ya waya juu ya kichwa cha betri, na kwa ncha ya pili ikwaruze tupa karibu na redio. Sikiliza. Kisha isogeze redio mbali kidogo kidogo, na uandike umbali ambao mkwaruzo hausikiki tena. Waya ukipata moto, uondoe mara moja. Usitumie kamwe umeme wa nyumbani kwa jaribio hili.

Maswali

1. Unga wa metali ndani ya bomba la kioo ulikuwa na kazi gani?
2. Kwa nini Alfonso aliacha leso na kuchukua bunduki?
3. Kwa nini Californian haikuisaidia Titanic mapema, ingawa ilikuwa karibu?
4. Kwa nini Marconi alirudia jaribio lake mwaka 1902?
5. Taja vitu viwili vinavyozuia mawimbi ya ruta nyumbani.